Miaka ya Nyongeza ya Mzee Maganga

Wenzangu niliowaacha kazini mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya uafisa lishe. Nimekubali kwa sababu sasa nina muda, na kiti cha barazani kimeanza kunizoea vibaya. Sitaandika habari za vyeo wala za mishahara. Hizo zimo kwenye jalada langu, na sidhani kama kuna atakayekosa usingizi kwa kutozisoma. Nitaandika habari za watu na za vyungu vyao.

Niliripoti Sengerema nikiwa binti mwembamba kutoka Kagera, nimevaa viatu vya kisigino ambavyo kivuko kilinifundisha siku hiyo hiyo kwamba si viatu vya kazi. Getini pa hospitali mlinzi aliniuliza shida yangu.

"Mimi ni afisa lishe mpya," nikamwambia.

Akanitazama, akatazama sanduku langu, akanionyesha kwa kidole. "Mama lishe wote wako nyuma ya wodi. Ila nafasi zimejaa, ukaongee nao wenyewe."

Nilikuwa mgeni, nikaona si vizuri kubishana na mlinzi asubuhi ya kwanza. Nikazunguka nyuma ya wodi. Huko nikakuta wanawake wanne na mafiga yao, wanapikia ndugu wa wagonjwa. Mmoja alisogea kwenye gogo, akanipa kisu na beseni la viazi. Nikamenya. Kwa muda ule mfupi nilijifunza kuliko muhula mzima chuoni: nani hununua uji, nani hununua chai tupu, ni wagonjwa gani hupelekewa nyama na nani huila hiyo nyama njiani kabla haijamfikia mgonjwa.

Ndipo akatokea muuguzi mnene, anatembea polepole kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Huyo ndiye Mama Nyamizi, aliyekuwa mkuu wa wodi ya wanawake, Msukuma wa Magu, na mtu aliyenilea kazini. Alikuwa amenitafuta tangu asubuhi.

"Wewe ndiye Kemilembe?"

"Ndiyo mama. Shikamoo. Nilielekezwa huku kwa makosa."

"Marahaba. Hukuelekezwa kwa makosa," akasema. "Maliza viazi, halafu nikuonyeshe ofisi. Ofisi yenyewe haina kitu."

Kweli haikuwa na kitu. Kulikuwa na meza, mizani ya kutundika ya kupimia watoto, ambayo bibi mmoja aliikataa kwa mjukuu wake kwa kuwa ilifanana na ya bucha, na bango la vyakula kutoka nje ya nchi. Kwenye bango lile palikuwa na matunda ambayo hakuna mtu Sengerema aliyewahi kuyaona. Baba mmoja aliligusa tufaha akaniuliza kwa nini nyanya za wazungu zina kikonyo kirefu hivyo. Baada ya wiki chache nililigeuza bango nyuma mbele, nikawa nakwenda sokoni na kikapu. Nikifundisha mboga, natoa mgagani na matembele. Nikifundisha jamii ya kunde, natoa choroko. Na chakula cha kufundishia kina faida moja ambayo bango halina: somo likiisha, kinapikwa.

Mama Nyamizi alikuwa na maneno machache, na mengi aliyarudia. Nayaandika mawili kwa sababu nimeyatumia mpaka siku ya mwisho. La kwanza: "Usimuulize mtu anakula nini. Atakuambia unachotaka kusikia. Mtazame mdomo, kisha uombe kuingia jikoni." La pili: "Ukienda nyumbani kwa mtu usianze kwa kumnyang'anya chakula. Anza kwa kumwongezea." Nilipomuuliza kwa nini, alisema mtu aliyenyang'anywa hujificha, na mtu akila kwa kujificha huwezi kumsaidia.

Siku zile lishe ilikuwa watoto. Wazee hawakuwa katika hesabu yetu. Mzee akikonda tulisema ni uzee. Akivimba miguu, uzee. Akipofuka, uzee pia. Uzee ulibebeshwa mzigo ambao nusu yake ilikuwa ya chungu.

Baadaye nilihamishiwa Magu, nikakaa miaka kadhaa kati ya mashamba ya pamba na ya mpunga. Huko ndiko nilikoanza kukaa na wakubwa, kwa sababu akina bibi ndio waliokuwa wakileta wajukuu kupimwa, na nilipowatazama niliona mara nyingi bibi ana hali mbaya kuliko mjukuu. Nikaanza kuwaweka pamoja, tukawa tunapika. Miongozo ya taifa ya ulaji ilikuwa ikitufikia, kwanza kama vipeperushi, miaka ya baadaye kikawa kitabu kizima chenye picha za vyakula vyetu wenyewe. Mnakumbuka makundi ya vyakula yalivyokuwa yakiongezeka kila mwongozo ulipoboreshwa. Mimi niliyafundisha yote kwa uaminifu, yale ya zamani na yale mapya.

Mjane mmoja mkulima wa mpunga, Bi. Kabula, hakuyaacha yapite. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho yanayocheka kabla ya mdomo. Siku nilipotangaza kundi jipya alinyoosha mkono. "Mwalimu, hili limetoka wapi? Tangu nizaliwe sijaona chakula kipya duniani."

"Hakikuongezwa chakula, mama. Limegawanywa kundi la zamani."

"Kama ndugu wakigawana shamba," akasema. "Sawa. Wakigombana tena utatuambia."

Na lafudhi zetu mnazijua. Mwaka mmoja wa uchaguzi nilisimama mbele ya wazee nikasema leo tutazungumza habari za kula. Mzee mmoja mbele kabisa akauliza jina la mgombea.

Nilirudishwa Sengerema wakati kliniki ya presha na kisukari ilipoanza kujaa. Mama Nyamizi alikuwa amestaafu, anafuga kuku na kuwazungumzisha kama wauguzi wa zamu. Ndipo nilipokutana na kisa ambacho vijana wa kliniki mlinitania nacho miaka yote, kwa hiyo acheni nikieleze vizuri mara moja.

Mwanamke kijana aitwaye Leticia alikuja kliniki bila mgonjwa. Alikuwa amekuja kwa ajili ya baba mkwe wake, Mzee Maganga, fundi seremala. Watu wengi wa mji ule walikuwa wamelala kwenye vitanda vyake na kuketi kwenye viti vyake. Mke wake alikuwa amefariki. Alikuwa na presha na sukari, miguu imevimba, dawa anakunywa akikumbuka, na hospitali amekataa kuja.

"Anakula?" nikamuuliza.

"Kidogo. Anakula peke yake chumbani." Akatazama chini. "Mama, amejitengenezea jeneza."

"Amesema atalitengeneza?"

"Ameshalitengeneza. La mninga. Liko sebuleni."

Hakuna somo la jeneza katika uafisa lishe. Niliondoka naye mchana ule ule.

Lilikuwa limesimamishwa ukutani mkabala na mlango, limepigwa msasa mpaka linang'aa. Nitasema kweli, ilikuwa kazi safi sana. Majirani walikuwa wameacha kuja kuomba moto, na wajukuu walikuwa wakipita sebuleni wamefumba macho. Mzee mwenyewe aliketi kando yake kwenye kiti kifupi, shati limemzidi mabega, miguu imejaa kama imevikwa mito.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa hospitali?"

"Ndiye mimi. Wa lishe."

"Umechelewa," akasema. "Nimeshajipima." Akaelekeza kidevu kwenye jeneza.

Nilimwambia nimekuja kumsalimu tu na kuona anavyokula. Akasema nchi hii ina mambo mengi, sasa imebaki kuhesabu matonge ya wazee. Nikamwambia kuna mwongozo wa taifa kabisa kuhusu ulaji. Akauliza, "Taifa limewahi kula kwangu?"

Nikaomba kuingia jikoni. Leticia alikuwa mpishi mzuri. Kulikuwa na samaki, kulikuwa na majani ya kunde yaliyokaushwa, ile mboga ya Wasukuma tunayoiita nsansa, kulikuwa na maharage. "Vyote hivi nampelekea," alisema. "Samaki anampa paka. Maharage yanarudi. Anachomaliza ni chai ya sukari nyingi na andazi, na ugali mlaini wa muhogo."

Nikarudi sebuleni, nikaomba nami chai, tukanywa pamoja. Nikafanya alivyonifundisha Mama Nyamizi, nikamtazama mdomo. Alilichovya andazi mpaka likalegea, akalimeza kama dawa. Shavu halikucheza. Alipokunywa aliinamisha kichwa upande mmoja, chai isipite upande wa pili.

"Mzee, meno yana muda gani?"

Akamwambia mkwewe akaangalie kuku. Leticia alipotoka, akasogea karibu.

"Tangu mama yao alipokuwa mgonjwa," akasema. "Yeye alikuwa ananipondea. Sasa huyu ni mkwe wangu. Nitamwambiaje mkwe anipondee chakula kama mtoto? Na nikitafuna yanatoa sauti, na samaki wanatoka mdomoni. Mbele ya mkwe, mwanangu, mtu hafi kwa njaa, anakufa kwa aibu."

Basi hilo ndilo lilikuwa jeneza lake. Sukari ilikuwepo, presha ilikuwepo, huzuni ya mke ilikuwepo, lakini mlango ambao vyote vilipitia ulikuwa meno mabovu na heshima ya mkwe.

Nilimwahidi kwamba Leticia hataambiwa habari za kutafuna. Nilichomwambia Leticia ni kwamba mwongozo unataka wazee wapikiwe vyakula laini, na hilo halikuwa uongo. Mzee alikubali kuja hospitali kwa sharti moja, kwamba nitamwambia daktari wa meno asicheke. Daktari hakucheka. Aliyang'oa yaliyooza kwa awamu, na daktari wa kisukari akampangia upya dawa.

Chakula tulikishughulikia mimi na Leticia. Dagaa wakavu wakasagwa kwenye kinu mpaka unga, unanyunyizwa kwenye mboga. Nsansa ikapikwa na karanga zilizotwangwa, ikapondwa. Choroko zikachemshwa mpaka zikakubali. Sato akapikwa mchuzi, mwiba ukatolewa jikoni, si mezani. Papai halikuhitaji msaada wa mtu. Ugali wa muhogo hatukuuondoa, tuliuchanganya na dona na tukaupunguza ukubwa huku mboga ikiongezeka, mpaka siku moja mzee akauliza kama ugali umepanda bei.

Sukari ndiyo ilikuwa vita. Alijadiliana nami kama anayepatana bei ya kitanda. Alitaja vijiko vyake, nikataja vyangu, akakasirika, akasema basi nisije tena. Wiki iliyofuata alimtuma Leticia aniulize kwa nini sijaja. Tulishuka kijiko kwa kijiko, na ilichukua msimu mzima wa mvua.

Miguu ilianza kupungua. Kisha akaanza kutoka. Kwanza mpaka kizingitini, kisha mpaka kwenye karakana yake iliyokuwa imejaa buibui, kisha siku moja nilisikia randa kabla sijafika nyumbani. Alikuwa ameshika ubao, jasho linamtoka, na majirani wawili wamesimama wanamtazama kama wanaotazama sinema.

"Nimejipima tena," akaniambia bila salamu.

"Kwenye lile?"

"Lile. Mabega hayaingii." Alijaribu kusema kwa uso wa huzuni lakini hakuweza. "Kazi ya randa imeyapanua. Fundi aliyelitengeneza alipima vibaya."

Wiki ile alilibomoa. Kwa mbao zile alimtengenezea Leticia kabati la jikoni lenye wavu wa kuzuia nzi, zuri ajabu. Wanawake wa mtaani walikataa kula kilichotoka ndani yake kwa muda. Leticia akawaambia mbao ni mbao, na kwamba mninga hauliwi na mchwa. Baadaye mzee alianza kupata maombi, wawili watatu walitaka kama lile, lakini mbao zisiwe zimetoka kwenye jeneza.

Mzee Maganga akawa nguzo ya kikundi cha wazee pale Sengerema. Walikutana, wakapima presha, wakatembea pamoja mpaka sokoni na kurudi, wakapika. Alikuwa mkali kuliko mimi. Mtu akija na soda alimuuliza kama anataka fundi wa jeneza, maana yeye bado anajua vipimo.

Nisiwadanganye, lakini. Mwongozo si hirizi. Katika kikundi kile alikuwemo Mzee Lushinge, mwalimu mstaafu, mtu aliyefuata kila kitu, mboga kwa wakati, matunda kwa wakati, chumvi anainusa tu. Asubuhi moja aliinama kufunga viatu aende kwenye matembezi ya kikundi, hakuinuka. Nilikwenda msibani nikiwa na hofu kwamba wazee wataniuliza: yale mapapai yalimsaidia nini? Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kitaalamu. Mzee Maganga ndiye aliyesimama kuzungumza.

"Lushinge alikuwa anafunga viatu," akasema. "Mimi miaka ile nilikuwa sivai hata viatu, havikuingia. Huyu alikufa anakwenda mahali. Mungu atupe na sisi."

Watu wakaitika. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kuliko nilivyokwenda. Tangu siku ile sijawahi kumwahidi mzee yeyote idadi ya miaka. Wanaofuata ulaji mzuri kwa wastani huishi zaidi, hilo tunalijua na tuliseme, lakini mbele yako anakaa mtu mmoja, haketi wastani. Nilichojifunza kuahidi ni viatu: kwamba huenda ukafunga viatu vyako mwenyewe kwa muda mrefu zaidi.

Miaka yangu ya mwisho nilifanya kazi Mwanza mjini, nikakaa Buzuruga, nikisimamia vikundi vya wazee vya sehemu mbalimbali. Ni katika miaka hiyo nilipopata wazo la vikundi kutembeleana. Wazee wa Sengerema wakaja Magu kwa siku moja, kupika na kupikiwa. Niliandaa mimi, kwa hiyo lililotokea baadaye nalo lina mkono wangu, na watoto wa pande zote mbili wamenikumbusha hilo.

Bi. Kabula ndiye aliyepokea wageni. Alikuwa mzee sasa lakini bado mrefu, bado analima kipande chake cha mpunga. Yalikuwepo matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa, kulikuwa na karanga, mgagani uliotiwa maziwa, na dagaa. Mzee Maganga alijitolea kutwanga dagaa kuonyesha ufundi wa Sengerema. Bi. Kabula akamtazama kwa muda.

"Unatwanga kama unapigilia misumari," akamwambia.

"Mimi ni seremala."

"Basi kinu changu hakihitaji misumari. Lete."

Akampokonya mchi. Mzee akaketi kwenye kigoda kilichokuwa karibu, kikayumba. Akakigeuza, akakichunguza, akatafuta jiwe akakaza mguu uliolegea huku mwenye kigoda akitwanga. Hawakuzungumza zaidi. Lakini wakati wa kuondoka mzee alisema kuna mlango nao ameuona haufungi sawasawa, na kwamba mlango wa namna ile hauwezi kuachwa.

Alirudi kuutengeneza. Nasikia palikuwa na madirisha pia.

Mimi nilistaafu. Mliniaga vizuri, keki mkaikata ndogo kwa heshima ya taaluma, nikarudi Buzuruga nikidhani nimemaliza. Haikupita hata wiki, nikasikia hodi. Alikuwa Mzee Maganga, amevaa koti na kofia, amevuka kwa daraja, anapumua vizuri kabisa. Nikamwandalia chai. Akaweka sukari yake kidogo, akakoroga muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Mwanangu, ninyi watu wa lishe mna kosa moja," akaanza.

"Kosa gani mzee?"

"Mlituambia tule hivi na hivi, tutaishi. Tumekula. Tunaishi. Hamkutuambia tutafanya nini na hayo maisha." Akaweka kikombe chini. "Mimi nataka kuoa. Na mshenga ni wewe."

Nilimwambia nimestaafu. Akasema ndiyo maana amesubiri, hakutaka kunichanganyia kazi.

Basi nikaenda. Kwa Bi. Kabula haikuwa ngumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimetumwa na mzee au na mwongozo, kisha akasema milango yote ya nyumba yake imeshatengenezwa, mtu yule atapata wapi tena sababu ya kuja, ni heri akae kabisa. Ugumu ulikuwa kwa watoto. Wanawe Bi. Kabula waliona haya, na hawakujua nani atapokea ng'ombe wa mahari, maana wajomba wote wa mama yao walikuwa wamefariki. Upande wa pili alikuwepo Shija, mtoto wa Mzee Maganga, mume wa Leticia, mfanyabiashara wa samaki, mtu mpole asiyesema upuuzi.

Tulikutana wote nyumbani kwa mzee. Shija akasema lililokuwa moyoni.

"Mama Kemilembe, mimi sikatai kwa ubaya. Mimi na mke wangu tulimuuguza baba. Tulishamwona kama mtu wa kuondoka. Akirudi kitandani siku moja, na huyu mama naye ana umri wake, si tutauguza wawili?"

Hakuna aliyemkasirikia. Lilikuwa swali la mtoto mwema. Mimi nilianza kutafuta maneno, lakini Bi. Kabula alinitangulia.

"Mtauguza wawili, baba," akamwambia kwa upole. "Sitakudanganya. Lakini si mwaka huu."

Shija akamtazama, akamtazama baba yake, akaanza kucheka taratibu, cheko la mtu aliyetua kitu kizito. Leticia akaleta chakula kutoka kwenye kabati lake. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kuhusu mahari, Bi. Kabula alisema kama hakuna wa kupokea, atapokea mwenyewe. Mzee akaswaga ng'ombe mmoja wa maziwa. Mtu akauliza kwa nini jike mwenye umri na si madume mawili makubwa kama desturi. Mzee akajibu kwamba madume hayana kalsiamu. Sijui neno hilo alilishika lini, mimi nilidhani siku zile alikuwa amesinzia.

Walifunga ndoa Magu, kanisani, asubuhi yenye jua safi baada ya mvua. Wazee wa vikundi vyote viwili walikuja. Mama Nyamizi naye aliletwa, anatembea kwa fimbo sasa, ananiita bado "yule binti wa viazi". Kulikuwa na pilau, msifikiri hakukuwa na pilau. Mwongozo unasema kiasi, haukusema huzuni. Bibi arusi alicheza mpaka kilemba kikamlegea, bwana arusi akakishika kwa nyuma wakiendelea kucheza. Watu wenye umri ule mara nyingi huwa wamekaa pembeni ya sherehe wamepewa soda na viti vya mbele. Siku ile wao walikuwa katikati, na sisi watoto wao ndio tuliochoka kwanza.

Mwezi uliopita nilitaka kuwaona, nikapitia Sengerema, wanakokaa wakati usio wa mpunga. Sikupiga simu, nilitaka kuwashtua. Nilimkuta Leticia uani anaanika dagaa.

"Wazee wako wapi?"

"Hawapo, mama."

Ninyi mlio kazini mnalijua neno hilo. Katika ziara za nyumbani, ukifika kwa mzee ukaambiwa hayupo, unavua kofia, unatafuta mahali pa kukaa, unaanza kuuliza ilikuwa lini. Nimelisikia mara nyingi. Nilianza kutafuta mahali pa kukaa kabla akili haijafanya kazi. Leticia akaniona, akaweka ungo chini haraka.

"Wamekwenda ziwani kuogelea, mama. Halafu wakasema watapitia kwa rafiki yao."

"Watarudi saa ngapi?"

"Hawakusema," akajibu. "Siku hizi hawasemi."

Nikaketi kivulini, nikamsaidia kuchambua dagaa, nikawasubiri mpaka jua likaelekea kuzama. Hawakurudi. Nikaacha salamu, nikaondoka.